Akses pointi zaidi ya moja kwenye nyumba ya mawe: namna ya kuzipangia anwani

Nyumba ya mawe ya Lamu haikujengwa kwa ajili ya Wi-Fi. Ukuta wa matumbawe na chokaa una unene wa nusu mita hivi, na mawimbi ya ruta iliyowekwa mlangoni huufikia ukuta wa pili yakiwa yamekwisha nguvu. Ndiyo maana nyumba nyingi za wageni hapa, kuanzia Mkomani hadi Shela, huishia kuwa na akses pointi mbili tatu: moja chini ikielekea kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba, moja ghorofani, moja juu makutini ambako wageni hupunga upepo jioni. Kuzitundika si kazi kubwa. Kinachomrudisha fundi nyumba ileile kila mara ni anwani, zile namba za IP zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao.

Simu huwa ni ya aina moja: "Fundi, Wi-Fi imeshika lakini haifungui kitu." Ukifika unamkuta mgeni wa chini anatazama video raha mustarehe, na wa juu hata WhatsApp haimtoki. Mwenye nyumba ameshaamua kwamba kifaa cha juu kimekufa. Mara nyingi ni kizima. Kimeachwa na anwani kilichotoka nayo kwenye boksi, au kimepewa anwani ya kubahatisha.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye ruta moja inayoleta intaneti, na akses pointi moja au zaidi zinazoungwa kwa kebo kwenye ruta hiyo au kwenye suichi, kile kisanduku cha kuongeza matundu ya kebo. Kurasa za mipangilio hutofautiana kwa kila kampuni, ila vitu vya kujaza ni vilevile.

Anwani hiyo ni ya nani?

Akses pointi ni daraja. Inapokea kilicho hewani na kukiingiza kwenye kebo, kisha inarudisha cha kwenye kebo hewani. Simu ya mgeni haina haja na anwani ya akses pointi. Huomba anwani yake kwa ruta na hutoka nje kupitia ruta. Anwani ya akses pointi ni yako wewe fundi, ili ufungue ukurasa wake ukiwa umekaa chini badala ya kupanda ngazi. Kwa hiyo akses pointi yenye anwani ya ovyo kabisa inaweza kupitisha intaneti mwaka mzima bila mtu kushtuka, mpaka siku mwenye nyumba atakapotaka pasiwedi ibadilishwe.

Yako mambo mawili kuhusu anwani ambayo huwakatia wageni intaneti, nayo ndiyo ya kuogopa. La kwanza ni akses pointi kuwa na anwani sawa na ya ruta. La pili ni akses pointi kugawa anwani wakati ruta nayo inagawa. Kazi yote inayofuata ni kuyakwepa hayo mawili, na kukuachia mlango wa kuingilia.

Anza kwa kuisoma ruta

Usifungue boksi la akses pointi bado. Unganisha laptopu kwenye ruta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, na kwenye dirisha jeusi andika `ipconfig`. Utaona anwani ya laptopu, barakoa ya mtandao, na lango, ambalo kwenye skrini huitwa Default Gateway. Lango ndilo ruta. Kama una simu tu, gusa jina la Wi-Fi uliyoshika uangalie maelezo yake; simu nyingi huonyesha mambo hayohayo.

Namba utakazokutana nazo ni chache. 192.168.1.1 na 192.168.0.1 ni za kawaida kabisa. Ruta ndogo za laini ya simu za Huawei hupenda 192.168.8.1, modemu nyingi za faiba huja na 192.168.100.1, na MikroTik hutoka na 192.168.88.1. Wenye sahani ya Starlink, iliyoanza kuhudumia Kenya mwaka 2023, wajue kwamba sahani yenyewe hujibu kwenye 192.168.100.1, kwa hiyo msiupe mtandao wa ndani namba za 192.168.100.

Zote hizi ni anwani za ndani. Tangu mwaka 1996 yametengwa mafungu matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia nyumbani kwake bila kuomba ruhusa: yanayoanza na 10, yanayoanza na 172.16 hadi 172.31, na yanayoanza na 192.168. Usibuni anwani nje ya hayo. Nimeshaona mtandao wa ndani umepangwa kwa 192.186, tarakimu zimepinduka tu. Hizo ni anwani za watu wengine huko duniani.

Barakoa ikiwa 255.255.255.0, namba tatu za mwanzo ni za ukoo mzima na ya nne ndiyo ya kifaa chenyewe. Ya nne huanza 1 hadi 254. Barakoa lazima ifanane kwenye ruta na kila akses pointi. Ukiweka 255.255.0.0 kwenye kimoja, utapata hitilafu za ajabu ambazo hakuna atakayezielewa, hata wewe mwenyewe baada ya mwezi.

Panga kwenye karatasi

Tuseme ruta ni 192.168.1.1. Ingia kwenye ukurasa wake, tafuta DHCP, yaani sehemu ya kugawa anwani kwa vifaa, uone inagawa kutoka wapi hadi wapi. Ruta nyingi hugawa karibu fungu lote, kutoka 2 hadi 254. Hapo hakuna nafasi ya kuweka kifaa chenye anwani ya kudumu bila hatari kwamba siku moja ruta itampa mgeni anwani hiyohiyo. Punguza. Mimi hupendelea ruta igawe kutoka 192.168.1.50 hadi 192.168.1.250. Hizo ni anwani 201, zinatosha nyumba ya wageni hata wiki ya Maulidi, na kuanzia 2 hadi 49 zinabaki mkononi mwako.

Kisha pangia kila kitu namba yenye kukumbukika:

- akses pointi ya chini: 192.168.1.11
- ya ghorofani: 192.168.1.12
- ya juu makutini: 192.168.1.13
- printa: 192.168.1.30, na kamera kuanzia 31

Ukiwa bado kwenye ukurasa huo, tazama muda wa kukodisha anwani. Mara nyingi ni saa 24, kwa hiyo mtu aliyeingia kunywa juisi kwa dakika ishirini ameshika anwani hadi kesho. Kwa nyumba ya kulala haidhuru. Kwa mkahawa wa pale ufukweni, shusha hadi saa mbili.

Ziko ruta ambazo hazikuachii kupunguza fungu. Hapo tumia njia ya pili: iambie ruta iiwekee akses pointi anwani moja daima kwa kutambua MAC yake, namba iliyobandikwa mgongoni mwa kifaa. Njia hii inafaa kwa akses pointi kwa sababu MAC yake haibadiliki, tofauti na simu za siku hizi ambazo kuanzia Android 10 na iOS 14 hujificha kwa MAC za kubuni. Ila mimi nitaendelea kushikilia anwani iliyoandikwa ndani ya kifaa chenyewe, na sababu ni umeme. Ukikatika na kurudi, akses pointi huweza kuamka kabla ya ruta, ikaomba anwani, isijibiwe, ikarudi kwenye namba yake ya kuzaliwa. UniFi za Ubiquiti hurudi 192.168.1.20, na EAP za TP-Link hurudi 192.168.0.254. Ukiwa na tatu za aina moja, zote tatu zimevaa anwani moja kwa wakati mmoja. Na umeme wetu mnaujua.

Kabla ya kuikubali namba, hakikisha haina mwenyewe. Kwenye dirisha jeusi andika `ping 192.168.1.11`. Ikijibu, ina mtu. Isipojibu, usifurahi mapema, maana vifaa vingine hunyamazia ping. Andika `arp -a` papo hapo. Kama 192.168.1.11 imetokea kwenye orodha ikiwa na MAC kando yake, kuna kifaa kinachoitumia kimyakimya. Chagua nyingine.

Sasa fungua boksi

Fanyia kazi mezani, si juu ya ngazi. Akses pointi nyingi hupata umeme kupitia kebo ya mtandao, na adapta yake ina matundu mawili. Tundu lililoandikwa PoE ni la kebo inayokwenda kwenye akses pointi. Lililoandikwa LAN ni la laptopu. Tazama mara mbili. Adapta za volti 24 zinazosukuma umeme bila kuuliza haziulizi pia kama upande wa pili ni laptopu.

Zima Wi-Fi ya laptopu, la sivyo itakimbilia mtandao mwingine na utakuwa unaongea na kifaa kisicho chako. Kisha angalia mgongoni mwa akses pointi au kwenye karatasi yake: anwani ya kuanzia ni ipi? Tuseme ni 192.168.0.254. Laptopu lazima iwe ya ukoo huohuo. Bonyeza Windows na R, andika `ncpa.cpl`, bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye Ethernet, ingia Properties, kisha mstari wa TCP/IPv4. Chagua kuandika anwani mwenyewe: 192.168.0.10, barakoa 255.255.255.0. Sehemu ya lango iache tupu.

Piga `ping 192.168.0.254`. Ikijibu, fungua brauza uandike anwani hiyo. Hapa watu hukwama kwa vitu vidogo: mkato badala ya nukta, herufi O badala ya sifuri, na brauza inakupeleka Google kutafuta upuuzi. Andika `http://` mbele yake. Vifaa vingine vitatumia https na brauza itapiga kelele kwamba mahali hapa si salama. Hiyo ni kawaida kwa kifaa kilicho mezani kwako, endelea mbele.

Na kama ulisahau kuiandikia laptopu anwani, ukiangalia `ipconfig` utakuta imejipa inayoanza na 169.254. Maana yake laptopu iliomba anwani na hakuna aliyejibu. Ukiiona namba hiyo popote, kwenye laptopu au simu ya mgeni, usihangaike na pasiwedi wala DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Shida iko kwenye kebo, au kwa anayegawa.

Mpangilio wa kazi: anwani iwe ya mwisho

Ukiingia, jambo la kwanza ni kubadilisha pasiwedi ya ukurasa wenyewe. Mgeni yeyote mwenye muda na udadisi anaweza kujaribu admin na admin.

Jina la Wi-Fi na pasiwedi yake viwe vilevile kwenye akses pointi zote, ili simu ya mgeni ihame yenyewe anapopanda ngazi. Nchi weka Kenya. Chaneli za 2.4 GHz zigawe: chini 1, ghorofani 6, juu 11. Hayo hayana mjadala mrefu.

Halafu DHCP. Tafuta ilipo, izime, hifadhi. Hapa ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu ndipo yanapozaliwa malalamiko mengi. Akses pointi halisi mara nyingi hutoka ikiwa imezimwa, lakini wengi wetu tunatumia ruta za zamani kama akses pointi, na ruta hugawa anwani kwa asili yake. Ukiiacha iwe wazi, utakuwa na wagawaji wawili katika nyumba moja. Simu ikiomba anwani, wote wawili hujibu na anayewahi ndiye anayekubaliwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mgeni aliyejibiwa na ruta ya kweli anapata 192.168.1.77 na lango 192.168.1.1, mambo safi. Jirani yake aliyejibiwa na ile ya juu anapata 192.168.0.101 na lango la ovyo lisilokwenda popote. Alama za Wi-Fi zimejaa, intaneti hakuna. Akizima na kuwasha simu huenda akabahatika, na hapo ndipo mwenye nyumba hukuambia tatizo "huja na kwenda".

Njia ya kulithibitisha ni rahisi: chukua simu iliyokataa, soma lango lake. Kama si 192.168.1.1, kuna mgawaji mwingine nyumbani. Zima akses pointi moja moja hadi umpate.

Kwa hizo ruta zinazotumika kama akses pointi kuna jambo la ziada. Kebo itokayo kwenye ruta kuu ichomeke kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani, si lile la WAN, la kupokea intaneti, lenye rangi tofauti. Ukiichomeka WAN umejenga mtandao ndani ya mtandao. Intaneti itapita, lakini aliye juu hataiona printa kwenye orodha yake, na wewe ukiwa chini hutaweza kufungua ukurasa wa kifaa hicho. Mbaya zaidi, kama ruta hiyo ya pili nayo ndani ni 192.168.1.1, itachanganyikiwa kati ya mbele na nyuma, na haitapitisha chochote. Mimi huziba tundu la WAN kwa tepu nyeusi ili mtu wa usafi asilichomeke kwa nia njema. Ikiwa kifaa chenyewe kina kipengele cha kugeuka akses pointi, kitumie. Kitazima ugawaji chenyewe, na mara nyingi hukubali tundu lolote.

Sasa ndiyo anwani. Ingia sehemu ya LAN, chagua Static, ujaze:

- anwani: 192.168.1.11
- barakoa: 255.255.255.0
- lango: 192.168.1.1
- DNS: 192.168.1.1

Kuna mafundi huacha lango na DNS tupu, wakisema daraja halihitaji. Kweli kwa wageni haijalishi. Lakini akses pointi yenyewe huhitaji kutoka nje kuuliza saa na kutafuta programu mpya. Isipopata saa, baada ya umeme kukatika nyingine huamka zikidhani ni mwaka 1970, na kama mwenye nyumba alitaka Wi-Fi ya baraza izimwe saa sita usiku, itazimwa wakati wowote inaojisikia.

Bonyeza kuhifadhi. Ukurasa utazunguka, utazunguka, halafu utakufa. Usizime kifaa, wala usikimbilie kitufe cha kurudisha upya. Umekihamisha kwenye ukoo mwingine huku laptopu imebaki ule wa zamani. Rudi `ncpa.cpl`, ipe laptopu 192.168.1.5, kisha fungua 192.168.1.11 kwenye brauza. Ukurasa ukija, kazi ya meza imekwisha. Rudisha laptopu kwenye kupata anwani yenyewe kabla hujaifunga.

Akses pointi ya pili na ya tatu zifuate njia hiyohiyo, moja moja. Usiziwashe pamoja kabla hazijapata anwani zake, maana zote zina ile moja ya kuzaliwa.

Ukutani na majaribio

Kupitisha kebo tafuta upenyo uliopo tayari, kando ya boriti au kwenye ngazi. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kutoboa ukuta wake kiholela kunaweza kukuletea maswali. Ile ya juu makutini ikingie dhidi ya chumvi. Pini za kebo zikiota kijani, kasi hushuka hadi megabiti 10 na watu watailaumu kampuni ya intaneti.

Ukishazitundika zote, piga ping 11, 12 na 13 ukiwa umeshika Wi-Fi ya chini. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawafanyi: chomoa akses pointi ya 12 na uendelee kupiga ping 192.168.1.12. Inapaswa kunyamaza. Ikiendelea kujibu wakati kifaa kimelala mkononi mwako, kuna kingine kimevaa anwani yake, na `arp -a` itakupa MAC yake. Herufi na tarakimu sita za mwanzo za MAC hutambulisha kampuni iliyokitengeneza, kwa hiyo hutakawia kujua kama ni kamera au televisheni ya chumbani.

Halafu tembea. Anza chini ukiwa na simu ya sauti ya WhatsApp hewani, panda hadi juu. Kwa kuwa akses pointi zote ziko kwenye mtandao mmoja na mgawaji ni mmoja, simu inabaki na anwani yake hata ikihama, na mazungumzo yatakwama kidogo tu kisha yaendelee. Yakikatika kabisa, soma anwani ya simu chini na juu. Zikitofautiana, umeacha DHCP wazi mahali fulani, au kebo iko WAN.

Ukisahau anwani, na ukibadilisha ruta

Anwani ikisahaulika, kitufe kidogo cha nyuma kiwe cha mwisho. Ukikishika sekunde kumi hivi kitafuta kila kitu. Kwanza tafuta MAC ya kifaa kwenye `arp -a`, au tumia programu ya kampuni husika ambayo huvisaka vifaa vyake vyenyewe. Andika anwani kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mwili wa kifaa, tepu ya karatasi haimalizi msimu kwa unyevu huu, na weka nakala ndani ya kasha la mita. Pasiwedi usiiandike hapo. Pakua pia faili la mipangilio kutoka kila akses pointi na umtumie mwenye nyumba kwa barua pepe.

Siku mwenye nyumba akihamia kampuni nyingine, ruta mpya itakuja na ukoo wake, pengine 192.168.8.1. Wageni watapata intaneti kama kawaida, ila wewe hutafungua ukurasa wa akses pointi hata moja. Usipande ngazi kubadilisha zote tatu. Ingia kwenye ruta mpya, badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.1, fungu la kugawa liwe 50 hadi 250, na uiwashe upya. Akses pointi zitakuwa palepale ulipoziacha. Simu zitakazokataa kwa muda zimeshika anwani za ruta iliyoondoka; zizimwe Wi-Fi na kuwashwa tena.